Maji, hewa na chumvi: jinsi ninavyochagua sai-fai ya kuangalia na ya kucheza

Mtu akiniuliza aanze na sai-fai ipi, yaani hizi hadithi za kubuni za sayansi na anga, mimi namrudishia swali, hiyo dunia yao kitu gani kinapungua? Kama hamna kinachopungua, mafuta hayaishi, hewa haiishi, mtu anapigwa risasi leo kesho yuko fiti, basi meli ziwe nzuri vipi, milipuko iwe mikubwa vipi, mimi episodi ya pili nimeshachoka. Usichague kwa trela. Trela zote zinafanana, zote zina meli inalipuka na mtu anapiga kelele.

Nimekulia Dodoma, mtaa ambao maji yalikuwa yanatoka saa tisa usiku na mama anatuamsha wote tukinge, ndoo, masufuria, mpaka beseni la kufulia linajazwa. Kwa hiyo siku nimewekewa The Expanse, sizoni ya TV, kwenye flashi sikuwa najua kitu, nikaiwasha tu, nakuta stori inaanza na meli ya zamani iliyochoka inaitwa Canterbury, kazi yake kubeba barafu kutoka kwenye pete za Zohali kupeleka kwa watu wanaoishi kwenye vimwamba angani wapate maji ya kunywa. Yaani ni boza la maji! Boza la maji la angani, na likipotea kuna watu wanakaa na kiu. Nikakaa vizuri kwenye kochi.

Halafu kuna askari anaitwa Miller, yuko kwenye kituo cha Ceres, anaenda kwa jamaa anayehusika na vichujio vya hewa kwenye nyumba za watu maskini, vichujio havibadilishwi, watoto wanakohoa. Hamna kupigana mabunduki pale, ni kichujio tu, lakini unaelewa kila kitu kuhusu nani anaishi vipi. Na angalia vitu vidogo wanavyoviheshimu, kuna ndege hukohuko Ceres anapiga bawa mara moja moja taratibu, karibu anaelea, kwa sababu mvutano ni mdogo, hawakusema kitu wamekuonyesha tu. Watu waliozaliwa kule miili imerefuka na mifupa ni dhaifu, episodi hiyohiyo ya kwanza kuna mmoja ameletwa Duniani anahojiwa, na mateso yake ni kusimamishwa tu, uzito wa Dunia wenyewe ndo unamuumiza. Meli nazo zikifika katikati ya safari zinageuka kinyume ziwashe injini kupunguza mwendo, maana angani hamna breki. Ukishazoea hivyo, ukiona sizoni nyingine meli inasimama ghafla kama bodaboda, unaumia roho.

Ushauri wangu kwa hii, ipe episodi nne. Mwanzo ina majina mengi, Dunia, Mirihi, Mkanda (ndo wale wa kwenye vimwamba), kila upande una wakubwa wake na wote wanadanganya, ni kawaida usielewe, wala usiwe unasimamisha kila dakika kwenda kugugo maana utajiharibia. Ilianza 2015 kwenye chaneli ya Syfy, 2018 wakaikata baada ya sizoni tatu, mashabiki wakapambana kweli, mpaka ndege ikarushwa na bango juu ya ofisi za Amazon, na Amazon wakaichukua ikaenda hadi Januari 2022. Sizoni sita, episodi 62. Ya mwisho ina episodi sita tu na inaonekana wazi wamebanwa muda, hilo nalisema ukweli ingawa naipenda.

Sasa kwenye gemu. Ukipata Mass Effect zote tatu, siku hizi zinauzwa pamoja kwenye Legendary Edition ya 2021, cheza kwa mpangilio na usirudishe sevu, pale nyuma ulipohifadhi gemu, kila ukikosea. Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Hizi gemu zinakumbuka, ulichofanya kwenye ya kwanza kinakufuata hadi ya tatu, sasa kama kila uamuzi mbaya unaufuta, umebaki na nini cha kukumbukwa?

Mimi ya pili niliicheza kwa haraka. Mle unakusanya timu kwa ajili ya kazi ambayo kila mtu anakwambia hairudi mtu, na kila mwenzako ana jambo lake binafsi anataka umsaidie kwanza, familia, kesi, deni la damu. Ukimsaidia akili yake inatulia. Mimi ya Tali nikairuka. Tali ni fundi, binti wa watu wasio na sayari, wanaishi kwenye meli miaka yote ndani ya masuti kwa sababu kinga ya mwili imeshuka hawawezi hata kupumua hewa ya nje. Nikasema nitamrudia. Baadaye wafanyakazi wa meli yangu wakatekwa, na gemu haikuwekei saa mahali popote, ila ukichelewa kuwafuata wanakufa, nami sikutaka kuchelewa nikaenda hivyohivyo. Ndani ya kituo cha adui inabidi mtu mmoja apite kwenye njia za hewa afungue milango, inataka fundi, nikamtuma Tali. Njia yote aliipita. Akafika kwenye mlango wa mwisho, unajifunga, akapigwa akadondoka pale pale.

Niliweka pedi chini. Sevu ya nyuma nilikuwa nayo, ingenichukua kama dakika arobaini kurekebisha, na nilishaanza kuifungua. Nikaiacha. Na nashukuru, kwa sababu kwenye ya tatu kuna vita kati ya watu wa Tali na mashine walizozitengeneza wenyewe, ukiwa naye hai na ulifanya mambo yako vizuri unaweza kuwapatanisha, bila yeye hamna mapatano, inabidi uchague nani afe. Nilichagua. Nilikaa na uamuzi ule wiki nzima, niko kwenye daladala nauwaza, niko kazini nauwaza. Mwisho wa ya tatu ulipotoka 2012 uliwakera watu sana hadi watengenezaji wakaongeza vipande vya bure kuufafanua, na mimi pia naona ulipwaya, lakini mwisho wa gemu yangu mimi ulishatokea pale mlangoni.

Nyingine ni Outer Wilds, ya 2019. Hii nilimpa mpwa wangu wa miaka kumi na tano aliyezoea mpira na kupiga watu risasi. Dakika tano tu, "Mjomba, bunduki iko wapi?" Nikamwambia hamna bunduki. "Sasa na-apgredi nini?" Huapgredi kitu. Una suti, una hewa inayoisha, una chombo chenye sakafu za mbao, na baada ya dakika 22 jua linalipuka kila kitu kinafutika unaamka upya palepale ulipoanzia. Unachobaki nacho ni unachojua tu. Alikufa mara tatu kwa kukosa hewa akataka kuacha, mara ya nne akapita karibu na mti, akaona mita ya hewa inajaa. Akarudi nyuma, ikaacha. Akasogea tena, ikajaa. Aligeuka akaniangalia bila kusema neno, na kuanzia hapo daftari la hesabu likageuka ramani ya sayari. Kwa hiyo ukimpa mtu gemu hii nakuomba usimsaidie, hata akikusihi. Ukimwambia kitu kimoja umemwibia.

Kuhusu Star Trek, ya zamani ina mamia ya episodi ukijumlisha zote, usijitese kuanza mwanzo wa kila kitu. Ile ya 1987, The Next Generation, ruka nenda sizoni ya tatu, za mwanzo zinachosha. Lakini ile ya kwanza kabisa angalia episodi iliyoonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, maana sisi inatuhusu. Kuna afisa wa mawasiliano anaitwa Uhura, jina limetoka kwenye uhuru hii hii yetu, kacheza Nichelle Nichols, na mle kuna kiumbe anayejibadilisha kuwa mtu unayemtamani. Akikutana na Uhura anakuwa kijana mweusi, anaanza kumsemesha Kiswahili. Inabidi utege sikio maana matamshi yamepinda, ila ni Kiswahili, na Uhura anaganda kabisa, mtu uko mbali na nyumbani halafu unaitwa kwa lugha yako.

Mpwa wangu alirudisha kipande kile mara nne. Kisha tukaendelea, ikajulikana yule kiumbe ni wa mwisho wa aina yake, na anachoua watu kukitafuta ni chumvi iliyoko mwilini mwao. Chumvi tu, ya kule kwake imeisha.

"Mjomba, si wangempa chumvi?"

Nikamwambia ameshaua watu. Akasema wangempa mapema, kabla. Tulibishana mpaka dada akaja kuzima taa.