Mwaga, safisha au mimina?

Swali: Shikamoo mwalimu. Hapa Gulu nawafundisha vijana kuandika programu, na maelezo yote natoa kwa Kiswahili. Juzi tuliandika programu ya Python ichapishe nukta 10 kwenye mstari mmoja, moja kila sekunde. Skrini ikakaa kimya, kisha nukta zote zikatoka kwa mkupuo. Niliwaambia zilikuwa zimekusanyika kwenye bafa (buffer, sehemu ya kumbukumbu ambamo data hungoja kabla ya kutolewa); tukaongeza flush=True, yaani amri ya kuitoa data papo hapo, zikaanza kutoka moja moja. Sasa wanabishana: tendo hilo la "flush" kwa Kiswahili ni "kumwaga bafa" au "kusafisha bafa"?

Jibu: Marahaba. "Kusafisha" likataeni leo leo. Iko siku vijana wako wataifuta bafa kwelikweli, data ipotee, na neno la kulieleza jambo hilo watakuwa wameshalitumia pasipo pake.

"Kumwaga" lina nafuu, maana kitu kinatoka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na data ya hapa haikupotea hata tone. (Tena neno hilo lina maana ya mtaani ambayo darasa la vijana haliachi ipite.)

Mimi nachagua "kumimina". Chai humiminwa kutoka kwenye birika kuingia kikombeni: ina itokako na ina iendako. Ndivyo data inavyotoka kwenye bafa kwenda kwenye skrini au faili. Angalia tu kwamba kinachomiminwa ni chai, si birika. Kwa hiyo andikeni "mimina data", "data imemiminwa". Anayesema "mimina bafa" kwa kufupisha simgombezi.

Ngeli ni I-ZI: bafa imejaa, bafa zimejaa.

Na wakiuliza kwa nini data ingoje, wapeleke Old Taxi Park, Kampala. Teksi ya abiria 14 haiondoki kwa ajili ya mtu mmoja. Kila safari ina gharama yake, na kompyuta nayo huona hivyo. Matokeo yakielekezwa kwenye faili, gari hungoja lijae, au programu ifike mwisho. Yakielekezwa kwenye skrini, alama ya mstari mpya hutosha kuliondoa, na nukta zenu hazikuwa nayo. flush=True ni konda aliyeamua gari liondoke na viti vitupu. Mkondo wa makosa (stderr, njia ya kutolea ujumbe wa makosa) katika lugha ya C haupandi teksi kabisa: huo ni boda boda, abiria mmoja na safari imeanza.