Daktari kumpeleka mama kwenye kikundi si kumfukuza

Dada, umeuliza kama daktari amemchoka mama yako: vipimo viko sawa, usingizi hapati tangu afiwe na mumewe, halafu badala ya kuongezewa dawa anaambiwa ajiunge na kikundi cha bustani. Hajafukuzwa. Upweke huumiza mwili kweli. Huvuruga usingizi, huweza hata kupandisha presha, na hauna kidonge. Uingereza kumpeleka mgonjwa kwenye kikundi kumo ndani ya huduma ya afya ya umma: mpango wa mwaka 2019 uliahidi wahudumu zaidi ya 1,000 ambao kazi yao ni kumsikiliza mgonjwa, kisha kumuunganisha na kwaya, bustani, ushauri wa madeni, chochote kinachomfaa.

Penye shida ni pale mtu anapopewa karatasi yenye namba ya simu akaachwa nayo. Mwenye huzuni hapigi. Siku ya kwanza nenda naye, mfike mapema kabla watu hawajajaa, na umwombe kiongozi ampe kazi ya mikono, hata kumwagilia miche tu. Aliyeshika ndoo haulizwi "mbona kimya?" Na kama udongo haumvutii (wengine hawaupendi kabisa), usimlazimishe, muulize alipenda nini kabla ya msiba.

Dawa alizoandikiwa asiache. Akianza kusema maisha hayana maana, au akikataa kula, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo. Hapo kikundi peke yake hakitoshi.