Maswali ya Wasomaji: Mabango ya Steshenari na Tahajia ya Kiingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, kuanzia Mwenge hadi Kariakoo nimeona mabango ya steshenari yaliyoandikwa "stationary", na nyumba za wageni zinazotangaza "accomodation" yenye m moja. Makosa haya hutokana na nini, au ni uzembe wa wachora mabango?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Ndugu msomaji, wachora mabango wasibebeshwe lawama zote. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili amezoea kuandika anachokisikia, kwa irabu tano zisizobadilika. Akiingia katika Kiingereza, chenye sauti za irabu zipatazo ishirini na herufi chache za kuziandikia, sikio humponza. Irabu ya pili ya "separate" hufifia kiasi kwamba hata Mwingereza huandika "seperate". Herufi pacha, kama m mbili za "accommodation", hutamkwa kama moja.

Waingereza wenyewe nao walichangia mkanganyiko huu. William Caxton alianzisha mtambo wa kuchapa huko Westminster mwaka 1476, na tahajia ikaanza kutulia ilhali matamshi yalikuwa yangali yanabadilika. Ndiyo maana k ya "knee", ambayo zamani ilitamkwa, imebaki karatasini tu. Kisha wasomi waliohusudu Kilatini wakapachika b katika "debt", neno lililotoka Kifaransa bila herufi hiyo, ili lifanane na "debitum". Ile s ya "island" ni kosa tupu, kwani neno hilo la Kiingereza cha kale lilidhaniwa kuwa na undugu na "isle" lenye asili ya Kilatini. Kosa la wasomi limekuwa kanuni, na mwanafunzi anayefuata sikio lake ndiye anayechorewa wino mwekundu!

Tukirudi kwenye steshenari, "stationery" ni karatasi na vifaa vya kuandikia, na "stationary" ni kitu kisichosogea. Maneno haya hutamkwa sawa na yana shina moja, kwa sababu "stationer" wa enzi za kati alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi wa kutembeza. Programu ya kukagua tahajia haimsaidii mchora bango, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali na hakuna litakalopigiwa mstari. Aanze na jina la mwenye duka, "stationer", kisha aongeze y mwishoni.