Tairi la mazoezi lisiwe la mashindano

Kaka, umeuliza kama seti moja ya matairi ya baiskeli inatosha kwa mazoezi ya Barabara ya Mombasa na kwa mashindano, maana pancha zimekuchosha. Mimi ningenunua seti mbili. Mazoezini funga Continental Gatorskin za milimita 28: ni ngumu, zinateleza kidogo lami ikilowa, lakini zinavumilia. Siku ya mashindano funga Grand Prix 5000, za Continental pia. Ni nyepesi na bado zina utepe wa Vectran, nyuzi imara za kuzuia pancha, chini ya mpira.

Adui yako hasa ni vile viwaya vya matairi ya malori yaliyopasuka. Havitoboi papo hapo, huzama polepole. Ukifika nyumbani pitisha kitambaa juu ya tairi. Kikinasa, chomoa kiwaya kwa koleo. Na upepo usijaze mpaka mwisho!