Jibu: Protini zinazolisha seli za ubongo, dawa ipo au bado?

Ndugu, umeuliza kama protini zinazosemwa kulisha seli za ubongo zinaweza kutibu Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea), na kama vidonge vyake vipo.

Kwanza, neno "kulisha" lisikupoteze. Si chakula, ni ujumbe. Protini hizi hushika vipokezi (sehemu zinazopokea ujumbe) vya seli ya neva na kuiambia isife, ichipuze matawi, iungane na jirani zake. Ya kwanza, NGF (kifupi cha Kiingereza cha "kichocheo cha ukuaji wa neva"), iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen miaka ya 1950. Wakapata Nobeli 1986. Baadaye zikaja nyingine za aina hii, BDNF na GDNF.

Shida kubwa ni kuzifikisha. Kidonge? Tumbo litakimeng'enya kama nyama. Sindano ya mshipani? Molekuli ni kubwa mno, kizuizi kati ya damu na ubongo hakiipitishi. Kwa Parkinson watafiti walifikia hatua ya kupitisha mirija kwenye fuvu ili GDNF iingie moja kwa moja ubongoni. Hata hivyo, ilipolinganishwa na dawa bandia (isiyo na kiambato chochote cha kutibu), nafuu haikutosha kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Sasa wengine wanapeleka jeni (maelekezo ya kutengeneza protini) kwa kutumia virusi visivyo na madhara, seli zitengeneze protini zenyewe. Mimi naona njia hii ina matumaini zaidi.

Dawa iliyokwisha kuidhinishwa ni ya jicho: senegemini, matone ya NGF kwa konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) ambayo neva zake zimeharibika (Ulaya 2017, Marekani 2018). Jicho linafikika kwa tone tu!

Kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya "BDNF", mkimbie. Mazoezi ya mwili huongeza BDNF, na ni bure.