Barua kwa mwanangu: jinzi ziache nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama nguo za wiki tatu zitaenea kwenye begi moja la mgongoni, na kama jinzi zako mbili zitafaa huko kwenye joto la tropiki. Nguo zitaenea. Jinzi ziache, zote mbili.

Joto lenyewe utalizoea, upe mwili wiki moja au mbili. Kitakachokusumbua ni unyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishashiba maji, jasho halikauki, linatiririka tu na wewe unabaki na joto lako. Nguo nazo ni hivyo hivyo. Nilipokuwa na umri wako nilisafiri nchi ya namna hiyo msimu wa mvua, nikabeba jinzi tatu na karibu hakuna kingine. Niliyoifua Jumatatu, Alhamisi ilikuwa bado mbichi na imeshaanza kunuka uvundo. Nikaivaa hivyo hivyo. Nilirudi na fangasi mapajani, na ilichukua miezi miwili kupona. Sitaki yakukute.

Basi fanya hivi kabla hujafungasha: kila nguo unayoitaka, ifue jioni, ikamue, itundike chumbani. Isipokauka kufikia asubuhi, haiendi. Utaona fulana nzito za pamba zinaanguka mtihani, vitambaa vyepesi na kitani vinapita. Mashati manne yanatosha, suruali mbili pana zisizobana, na kati ya mashati hayo mawili yawe ya mikono mirefu. Nguo za ndani na soksi ndizo usizibanie, kwa sababu harara na fangasi huanzia pale palipofunikwa na kuloa. Beba na sweta moja jepesi. Najua utaliona la ajabu, lakini kiyoyozi cha ndege na cha mabasi ya usiku hakina huruma.

Mikono mirefu ni kwa ajili ya mbu pia. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, ila wale wa homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakikutoshi. Nunua dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, yenye kemikali iitwayo DEET asilimia 20 hadi 30. Mafuta ya kukinga jua yatangulie, yakishakauka ndipo upake hiyo. Na hili nakuomba ulishike: ukipata homa huko, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na ya kutuliza iwe parasetamoli tu. Aspirini na ibuprofeni usiziguse, maana kama ni dengi zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Kwa daktari nenda wiki hii, usingoje begi lifungwe. Baadhi ya dawa za kukinga malaria huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine wiki mbili au zaidi, na zote huendelea baada ya kurudi. Kama nchi uendayo inadai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo kiweke pamoja na pasipoti na usikipoteze.

Dawa zako zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na pakiti kadhaa za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, vitie kwenye mfuko wa kamera.

Viatu sijavisemea. Nitumie picha ya ulivyonavyo leo jioni, nikuambie vipi vibaki.

Mama yako