Swichi za buluu zilinipotezea mteja

Kijana mmoja wa Wete, aliyeanza karibuni kazi ya kupiga chapa nyaraka, ameniandikia akitaka nimwambie anunue kibodi yenye swichi za rangi gani, kwani ameona kwenye video kwamba za buluu ndizo zenye raha. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyasema mimi mwaka jana siku niliyotuma shilingi 180,000 Dar es Salaam ili niletewe ya kwangu kwa boti.

Nilikuwa nimechoka na kibodi ya mpira, ile ambayo kila ukibonyeza unahisi kama unakanyaga tope, wala haiandiki mpaka kitufe kifike chini kabisa. Kibodi ya swichi ni kitu kingine. Kila kitufe kina swichi yake chini, yenye springi na shina, na rangi ya shina ndiyo inayotaja aina ya swichi. Katika swichi za Cherry MX, zilizotolewa na kampuni ya Cherry miaka ya 1980 na kuigwa baadaye na viwanda vya China kama Gateron na Kailh, shina hushuka milimita 4 lakini herufi huingia likifika karibu nusu ya njia. Mwenye mkono mwepesi hana haja ya kugonga mpaka chini. Mimi nilifundishwa na marehemu baba kwa taipureta ya chuma, kwa hiyo mkono wangu si mwepesi.

Siku ya kwanza, nakiri, nilifurahi kama mtoto wa Sikukuu. Swichi ya buluu hudai nguvu ya kama gramu 60: kidole hukutana na kizuizi, kizuizi huachia ghafla, na kijipete kilichovikwa kwenye shina huruka na kulia "tak". Nilipiga kurasa 30 usiku huo kwa utamu wa mlio ule peke yake. Asubuhi mama, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja katika nyumba za maendeleo za Michenzani, Unguja, aliniuliza, "Mwanangu, usiku kucha ulikuwa ukivunja kungu?"

Kelele ningeweza kuzivumilia, na mama angezizoea. Lililoniumiza ni jingine. Swichi ya buluu, baada ya kuandika, hutaka kitufe kirudi juu zaidi ya pale kilipoandikia ndipo ikubali kuandika tena, na Kiswahili chetu kimejaa irabu zinazofuatana: saa, kaa, kuu, mzee. Nikiwa na haraka, kidole kilikuwa hakipandi vya kutosha, na irabu ya pili ikapotea. Nilimpelekea wakili mmoja hati ya kiapo ambayo "Mahkama Kuu" imeandikwa "Mahkama Ku" mahali patatu. Programu yangu ya kuandikia hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, zima na bovu, hivyo haikunionya kitu. Kusoma tena ilikuwa kazi yangu na sikuifanya, hilo silikatai. Lakini nimepiga chapa miaka 11, na kuambiwa na watu kwamba wakili huyo ananiita mzembe kunanichoma mpaka leo. Hajaleta kazi tena.

Baadaye nilijaribu swichi nyekundu za mpwa wangu, anayezitumia kwa michezo ya kompyuta. Hizo zinataka kama gramu 45 na hazina kizuizi wala mlio. Kitufe kinateleza tu mpaka chini. Kwa mkono wangu zilikuwa balaa, maana nikipumzisha vidole, herufi zinamwagika zenyewe. Sasa natumia za kahawia, za kama gramu 55, ambazo njiani zina kigugumizi kidogo kisicho na sauti, na ambazo huwa tayari kuandika tena karibu palepale zilipoandikia. Wapo wanaosema kigugumizi hicho ni kidogo mno hata hakihisiki. Kidole changu kinakihisi.

Ndugu zangu, tuache kununua kwa masikio. Video inakupa mlio, haikupi uzito, na atakayebonyeza siku nzima ni wewe. Kiweke kidole juu ya swichi kabla hujatoa fedha. Kama duka halikuruhusu kufungua boksi, mtafute mwenye nayo umwombe dakika kumi, au agiza kile kibao kidogo chenye swichi chache za kujaribia. Nasema tena, kidole kwanza. Na ujaribu kwa maneno unayoyaandika kila siku, kwa kasi unayoiandikia ukiwa na mteja mlangoni.

Nawe mwanangu wa Wete, kibodi ya buluu bado ninayo ndani ya boksi lake. Nitaipakia kwenye boti ya Pemba wiki hii. Andika "Mahkama Kuu" mara 20 bila kupunguza mwendo, kisha unihesabie ni u ngapi zimeingia.